Shajara ya tanuru la Kibuye: visu vya samaki kutoka springi ya matatu

Mama mmoja anayepasua samaki wa mbuta kule Obunga alifika karakanani kwangu Kibuye, hapa Kisumu, mwezi wa Desemba na kisu nilichomuuzia Oktoba. Alikiweka mezani, hakusema kitu. Makali yalikuwa yamelala upande mmoja kama nyasi iliyokanyagwa na ng'ombe. "Mwanangu," akasema baadaye, "hiki ni kijiko. Mimi niliagiza kisu."

Halafu akaagiza 12. Shilingi 600 kila kimoja, na hela nitaziona baada ya visu kufanya kazi wiki nzima. Sikuwa na uso wa kukataa.

Naandika haya kwa fundi mwingine mwenye grenda, makaa na shida kama yangu. Nitaongeza kila hatua ikiisha. Yaliyokwenda sawa nitayapita mbio.

18 Januari 2025: chuma

Kile kisu cha aibu nilikifua kutoka kwa nondo ya ujenzi. Sababu yangu ilionekana nzuri: nilipitisha tupa kwenye ngozi ya nondo nikahisi ugumu, nikasema hiki ni chuma. Kumbe nondo nyingi za siku hizi humwagiwa maji kiwandani zikiwa bado nyekundu, ngozi ikawa ngumu na kiini kikabaki laini. Ukiirudisha kwenye moto ukaifua, kazi yote ya kiwanda inafutika. Kinachobaki ni chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.2, nacho ukikichovya mara mia hakitashika makali ya kisu.

Kaboni ndiyo inayoamua. Chuma kikiwa baridi, atomi zake zimejipanga kwa namna isiyo na nafasi ya kaboni: kaboni inayoingia ndani ya mpangilio huo haifiki hata asilimia 0.03, nyingine inajitenga na kukaa kando kama vipande vya kabidi, mchanganyiko mgumu wa chuma na kaboni. Ukipita nyuzi joto 727 za Selsiasi, mpangilio unaanza kugeuka, nafasi zinapanuka, na kaboni inayeyuka humo ndani kama sukari kwenye chai. Ukikipoza chuma ghafla, atomi zinataka kurudi mpangilio wa zamani lakini kaboni haijapata muda wa kutoka. Inabanwa. Chuma kinabaki kimejikaza, kigumu, na chepesi kuvunjika. Hiyo ndiyo matensaiti. Kaboni ikiwa kidogo, hakuna cha kubanwa.

Kwa hiyo springi. Springi bapa za gari kwa kawaida zina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na kromiamu au silikoni kidogo inayosaidia chuma kukubali mafuta badala ya maji. Nilinunua kilo 9 kwa shilingi 90 kilo, zote za gari moja, matatu, ili nisichanganye vyuma. Nilizipasha zikawa nyekundu, nikazifukia kwenye majivu usiku kucha zilainike, asubuhi grenda ikapita bila kelele nyingi. Nimekata visu 14 (viwili vya akiba) na vipande vidogo vya kafara. Vipande hivyo ni vya kuvunjwa. Kata vingi kuliko unavyodhani utahitaji. Mimi nilikata 8, vikaniishia.

*Nimerudi hapa tarehe 9 Machi kuongeza:* kabla hujakata springi iliyotumika, isafishe, ipake mafuta ya taa, subiri robo saa, ifute ikauke kabisa, kisha ipake unga wa chaki. Pakiwa na ufa, mafuta yaliyojificha yatachora mstari mweusi kwenye chaki. Mimi sikufanya hivyo. Utaona.

1 Februari: tanuru

Matofali ya moto 20, shilingi 180 moja. Katikati nimelaza kipande cha bomba nene la inchi 4, mwisho mmoja umechomelewa ukazibwa. Visu vinakaa ndani ya bomba, makaa yanawaka nje. Hewa inatoka kwa feni ya kupulizia niliyonunua imetumika, shilingi 1,200. Kipimajoto cha aina ya K na mita yake vimekula 2,100. Waya yake ilikuwa fupi, mita ikawa karibu na moto mno, basi nikaiunganisha na waya ya kawaida ya stima niliyokuwa nayo, nikaisogeza mita kivulini. Kazi ya dakika tano.

Kumbuka hiyo kazi ya dakika tano.

8 Februari: kuzima mara ya kwanza

Nilianza na visu vinne. Mpango: kupasha hadi nyuzi 850, kuacha joto liingie hadi ndani, kisha kuzima, yaani kuchovya kwenye mafuta.

Mzee jirani yangu ametoka upande wa Funyula. Kwao Samia uhunzi ni wa zamani, majembe yao yalikuwa yakiuzwa mbali kabla ya majembe ya dukani kufika, na yeye mwenyewe hupima moto kwa jicho, amesimama kwenye kivuli. Alichungulia ndani ya bomba akasema, "Kijana wangu, moto huo umezidi. Rangi ni ya chungwa." Nikamwonyesha mita: 850. "Mzee, mashine haidanganyi." Akacheka, akarudi kwenye fuawe lake.

Ishara ya pili nayo niliipata nikaipuuza. Chuma cha namna hii huacha kushikwa na sumaku kikikaribia nyuzi 770. Sumaku yangu iliachia mita ikisoma 660 na kitu. Nikasema sumaku yenyewe ni ya spika mbovu, imezeeka.

Nilizima kwenye mafuta machafu ya injini niliyopewa bure gereji. Kisu cha pili kiliwasha moto juu ya ndoo, mwali ukapanda hadi kifuani. Nilikuwa na kifuniko cha bati karibu, ndicho kilichoniokoa. Usimwage maji hapo hata siku moja. Moshi wake tulikohoa nao hadi jioni. Sitayatumia tena.

Tupa iliteleza kwenye visu vyote vinne kama inapita kwenye kioo. Nilifurahi sana. Nikavipasha upya kwa nyuzi 200, joto dogo la kupunguza kuvunjika, nikaenda kulala nikijua nimefuzu.

13 Februari: kisu kimeanguka

Kimeanguka kutoka kwenye meza. Meza ya kawaida, sakafu ya saruji. Kimekatika vipande viwili.

Nimekaa na vile vipande viwili karibu saa nzima. Mahali palipovunjika pamejaa chembe zinazometa, kubwa, kama sukari ya dukani iliyomwagwa kwenye meza. Ukikigeuza kwenye jua kila chembe inang'aa peke yake. Chuma kizuri kilichozimwa vizuri kikivunjika huwa na sura ya kijivu, laini, haimeti.

Hizo chembe ndizo punje. Chuma chote ni mkusanyiko wa fuwele zilizobanana, na zikikaa kwenye joto kubwa kwa muda mrefu, punje kubwa hula ndogo. Ufa ukianza kwenye chuma cha punje ndogo hukutana na kona kila hatua. Kwenye punje kubwa unakimbia moja kwa moja kama boda boda usiku wa manane kwenye barabara ya Kondele. Ugumu haukupungua, ndiyo maana tupa haikuniambia chochote. Tupa hupima ugumu tu.

Punje za namna hii hazitokei kwa nyuzi 850. Kwa hiyo mita, au Mzee. Mmoja wao alikuwa anasema uongo, na nilianza kuhisi si Mzee.

15 Februari: chumvi

Chumvi ya kupikia huyeyuka kwa nyuzi 801. Haibadiliki kwa hali ya hewa wala kwa bei. Nikaweka punje chache kwenye kipande cha bati, nikakisukuma ndani ya bomba hadi kwenye ncha ya kipimajoto, nikapasha polepole huku nachungulia. Kwa muda mrefu zilikaa nyeupe na kavu. Halafu moja ikalowa pembeni, ikawa tone linalong'aa, na nyingine zikafuata kwa pamoja.

Mita ilisoma 700.

Nyuzi 100 nzima. Nilipodhani nimeweka 850, visu vyangu vilikaa kwenye 950 kwa zaidi ya nusu saa. Sumaku ya spika ilikuwa sahihi. Mzee alikuwa sahihi. Nilikwenda kumwambia, akaniuliza tu kama nina sukari nyumbani maana yake imeisha. Nikamnunulia kilo.

Kosa lilikuwa ile kazi ya dakika tano. Kipimajoto cha K ni waya mbili za aloi tofauti za nikeli zilizounganishwa kwenye ncha. Zinatoa umeme mdogo mno, kama maikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja, lakini umeme huo haupimi joto la ncha peke yake: unapima tofauti kati ya ncha ya moto na mahali waya hizo zinapoishia. Mita hujua joto la mahali ilipo yenyewe na kulijumlisha. Nilipounga waya ya shaba, zile aloi ziliishia kwenye kiungo, si kwenye mita. Na kiungo nilikuwa nimekifunga kwenye bati la ubavu wa tanuru, ambako kulikuwa na kama nyuzi 130, wakati mita iko kivulini kwenye 30. Ikajumlisha 30 mahali pa 130.

Nimenunua waya halisi ya aina ya K, shilingi 650. Nimerudia chumvi: imeyeyuka mita ikisoma 798. Hiyo naikubali. Sasa kila nikiwasha tanuru naanza na chumvi. Isiguse kisu lakini. Inakula chuma ikiwa moto, na hata ikiwa baridi.

22 Februari: kuokoa vile vitatu

Habari njema kwa aliyeharibu kama mimi: punje kubwa si kifo. Kila mara chuma kikivuka ile mipaka ya joto kwenda juu, punje mpya huzaliwa kwenye mipaka ya zile za zamani, nazo huanza zikiwa ndogo. Kazi ni kuvuka tena na tena bila kukaa juu muda mrefu. Mafundi hapa hatuna jina moja la hatua hii. Mimi naiita kutuliza. Nimepasha hadi 870, nikatoa, nikaacha kipoe hewani kivulini hadi nikaweza kukishika. Halafu 840. Halafu 800. Visu 13 vyote vimepita humo, hata vile ambavyo havijawahi kuzimwa.

Vipande vya kafara vilivunjwa kimoja baada ya kila mzunguko. Cha kwanza bado kilimeta kidogo. Cha pili kilikuwa kama mchanga mwembamba. Cha tatu kilikuwa kijivu kitupu, kama kigae cha kikombe kilichovunjika, na ilibidi nikipige nyundo mara tatu kwenye jiliwa ndipo kikakubali, wakati kile cha kwanza kilikatika kwa pigo moja. Vyote vilizimwa sawasawa, tena bila kupashwa upya. Tofauti ni punje tu.

1 Machi: hadubini ya shule

Rafiki yangu anafundisha baiolojia sekondari, akaniruhusu kuitumia hadubini Jumamosi. Nilisugua vipande viwili kwa msasa hadi namba 2000, nikamalizia kwa dawa ya meno kwenye kitambaa, nikavilaza dakika kadhaa kwenye siki ya moto ili mipaka ya punje iliwe kidogo ionekane.

Tukaangalia. Giza.

Tulicheka wenyewe. Hadubini ya shule inaangaza kutoka chini, kupitia jani la kitunguu au bawa la nzi. Chuma hakipitishi mwanga. Henry Clifton Sorby wa Sheffield, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kukisoma chuma namna hii miaka ya 1860, alilazimika naye kuleta mwanga kutoka juu. Sisi tulitumia tochi ya simu na kile kioo chembamba cha kufunikia sampuli: tumekisimamisha kwa nyuzi 45 chini ya lenzi, kikishikiliwa na vipande vya plastisini, tochi ikipiga kutoka ubavuni. Mwanga unagonga kioo, unashuka kwenye chuma, unarudi juu kupitia kioo hicho hicho. Ukikuza mara 100 inatosha. Lenzi kubwa inakaribia mno, kioo hakiingii.

Kipande kilichopoa kwenye majivu kilionyesha mabaka meusi na meupe. Meupe ni feraiti, chuma karibu kitupu, laini. Meusi ni palaiti, ambayo ni tabaka nyembamba za feraiti na kabidi zilizopangwa kama kurasa za daftari; kwa ukubwa wetu kurasa hazionekani, unaona weusi tu. Jina lenyewe limetokana na lulu, kwa vile inapolowekwa hung'aa kama kombe. Kipande kilichozimwa kilikuwa kitu kingine kabisa: hakuna mabaka, ni vijimstari vilivyochomana kama sindano kwenye mto wa fundi cherehani. Ni chuma kile kile cha matatu ile ile. Kilichotofautiana ni kimoja kupoa usiku kucha na kingine kupoa kwa sekunde chache.

Hatua hii si ya lazima kwa kazi. Kuvunja kipande kunakwambia mengi zaidi, na ni bure. Lakini nilifurahi kuona.

8 Machi: kuzima mara ya pili

Mafuta safari hii ni lita 10 za mafuta yaliyokaangia chipo, shilingi 80 lita, kutoka kibanda kimoja Kondele. Nimeyachuja kwa kitambaa. Karakana inanuka chipo, mbwa wawili wamehamia. Nayapasha hadi nyuzi 50 au 60 kabla ya kuzima. Inaonekana kinyume, mafuta ya moto yapoze haraka kuliko ya baridi, lakini ndivyo. Chuma chekundu kikiingia, mafuta yanayokigusa hugeuka mvuke na kukizunguka kama blanketi, na chini ya blanketi hakipoi. Mafuta ya moto ni mepesi, yanatiririka na kulivunja upesi. Na usikikoroge kisu kwa mduara: kishushe wima ncha ikitangulia, kisha kipandishe na kukishusha. Ukikikoroga, upande mmoja unapoa kabla ya mwingine.

Kabla ya visu nilizima kipande kimoja cha kafara, nyuzi 840, dakika kumi. Tupa ikauma! Ikala chuma kama nondo ya zamani. Nilikaa chini. Mita sahihi, chumvi sahihi, sumaku sahihi, na chuma laini.

Wazo la kwanza lilikuwa kuongeza moto. Nashukuru nilimngoja Mzee amalize chai. Alikichukua kipande, akakisugua ukingoni kwa jiwe la kunolea, akapitisha tupa tena mahali pale pale. Ikateleza. "Umemenya tu ganda," akasema.

Hewa ndani ya bomba ilikuwa imeila kaboni ya ngozi. Mizunguko mitatu ya kutuliza kila mmoja umechoma kidogo, na chini ya ngozi hiyo laini, kama milimita 0.3, chuma kigumu kilikuwa kimekaa salama. Ningeongeza moto ningerudi kwenye sukari. Marekebisho ni mawili. Kwanza, tupia vipande viwili vya makaa ndani ya bomba pamoja na visu na uzibe mdomo kwa tofali. Makaa yanaila oksijeni kabla haijafika kwenye chuma. Pili, acha unene wa ziada, nusu milimita kila upande, na makali usiyanoe kabla ya kuzima. Yawe na unene wa milimita 1.5 au 2. Membamba zaidi yanapinda au kupasuka.

Kisha visu vyote 13. Cha sita kilitoa mlio ndani ya mafuta, "tii," kama kijiko kikigonga glasi. Kimepasuka kutoka mgongoni hadi katikati. Nilipokifungua, nusu ya ufa ilikuwa nyeusi ya kutu ya zamani na nusu nyeupe mpya. Ufa ulikuwa kwenye springi tangu gari liko barabarani. Matensaiti huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chekundu kilichotangulia, kwa hiyo kila kuzima ni kuvuta. Palipo na mwanya patafunguka. Hapo ndipo nilirudi kuandika habari za chaki.

Vitatu vimepinda. Viwili nimevinyosha hapo hapo, glavu mkononi, ndani ya dakika ya kwanza baada ya kutoka kwenye mafuta. Wakati huo chuma bado kina moto na hakijamaliza kugeuka, kinakubali kama waya nene. Cha tatu nilikuwa nimechoka. Nikakiweka kando, nitakinyosha kesho.

Vingine 11 nimevipasha upya jioni ile ile, nyuzi 180, saa mbili.

9 Machi

Nimekinyosha. Kimekatika mkononi mwangu kama biskuti. Kilicholala usiku bila kupashwa upya usikiguse. Tumebaki na 11.

15 hadi 23 Machi: kupasha upya

Matensaiti iliyotoka kwenye mafuta imejikaza mno. Kupasha upya ni kuipa kaboni iliyobanwa nafasi ya kujongea kidogo, itoke kama chembechembe ndogo za kabidi, chuma kipumue. Unapoteza ugumu kidogo, unapata uvumilivu. Ukienda juu zaidi unapoteza zaidi. Mlango ni wa upande mmoja: kisu kigumu unaweza kukilainisha wakati wowote, kilicholainika mno hakirudi bila kuzimwa upya.

Kwa hiyo nilianza chini. Nilipeleka viwili vya nyuzi 180 Obunga tarehe 15. Tarehe 22 vilirudi, makali yakiwa na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la pili. Mama hakukasirika. "Hivi ni visu," akasema, "ila vina hasira." Anapogeuza kisu kwenye uti wa mbuta, makali hayapindi, yanameguka.

Jumapili, tarehe 23, nimevinoa nikaondoa mapengo, na vyote 11 vikaingia tena, nyuzi 220, saa mbili, mara mbili. Sina ovena. Natumia sufuria kubwa ya mchanga juu ya jiko, kipimajoto kimezikwa mchangani pamoja na visu. Makosa ni mepesi hapa: kisu kimoja kiliteleza kikagusa kitako cha sufuria. Nilipokifukua, upande wake ulikuwa na upinde wa mvua: njano, kahawia, zambarau, na palipogusa, buluu ya anga. Rangi hizo ni utando wa oksidi. Unavyozidi joto ndivyo unavyonenepa, na unene wake ndio unaochagua rangi, kama mafuta kwenye dimbwi la maji barabarani. Kwa chuma kilichong'arishwa, njano nyepesi ni karibu 220, kahawia 260, zambarau 280, buluu 300. Kisu cha njano ni kizuri. Cha buluu ni springi tena. Sasa naweka kigae chini ya mchanga.

Vimebaki 10 vya njano.

29 Machi: tindo

Hili halikuwa kwenye oda. Wapasua mawe wa Riat walisikia kuna tanuru, wakaniletea tindo mbili zilizochoka. Moja niliizima nzima, kwa ujuaji. Mpasuaji alipiga pigo la tatu, kichwa kikatoa kipande kilichopita karibu na sikio lake na kuingia kwenye mlango wa mbao. Bado kimo. Kichwa cha tindo lazima kibaki laini, kipokee nyundo.

Ya pili Mzee aliishika mwenyewe. Alipasha robo ya mbele tu, akachovya ncha sentimita tatu, akaitoa huku shina bado lina moto. Haraka akasugua ncha kwa kipande cha jiwe la grenda mpaka ikawa nyeupe, akasimama kivulini akiikazia macho. Joto la shina likaanza kurudi kwenye ncha, na rangi zikaja zikitembea kwa mstari, njano ikitangulia, kahawia nyuma yake, kama msafara. Aliacha njano ifike ncha na kutoka. Kahawia ikafika, ikatoka. Zambarau ilipogusa makali akaitumbukiza yote kwenye maji. "Samaki ni njano, jiwe ni zambarau," akasema. Bila mita, bila mchanga, bila waya ya shilingi 650. Kwa sekunde kumi hivi.

Nimeomba anifundishe. Ameniambia nije na springi zangu mwenyewe.

5 Aprili: kukabidhi, na hesabu

Visu 10 vimekaa Obunga wiki nzima. Makali yamesimama, anavipitisha kwenye jiwe asubuhi na saa nane mchana. Kimoja kina pengo dogo karibu na ncha, na amekiri alifungulia nacho kopo. Amelipa 6,000. Nadaiwa viwili.

Matumizi: springi 810, matofali 3,600, bomba na kuchomelea 700, feni 1,200, kipimajoto na mita 2,100, waya 650, magunia mawili ya makaa 5,000, mafuta ya chipo 800, diski na msasa 1,450, riveti za mipini 300 (mbao za mvule ni mabaki ya seremala jirani). Jumla 16,610. Hata ukitoa tanuru na vifaa vyake, ambavyo vipo, vilivyotumika na kuisha ni 8,360, yaani 836 kwa kila kisu nilichouza kwa 600. Makaa ndiyo yaliyoniumiza, na karibu nusu yaliteketea kwenye kurekebisha ile waya. Awamu ijayo napasha visu sita kwa mara moja badala ya vinne, na tanuru nalipaka udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu kwa nje, maana ubavu wake ukiwa na nyuzi 130 moto huo ni pesa yangu inayotoka.

Springi za vile viwili nimeshanunua. Nimezipaka chaki jana. Moja ina mstari mweusi, nimeirudisha. Kisu cha buluu kiko nyumbani, kinakata mkate, na mke wangu amesema nisikichukue.